Kuficha Dhiki na Kuficha Ushahidi

Baadhi ya ndugu zetu wa Likoni na Kisauni wametuletea swali ambalo kwa juujuu laonekana dogo, nasi twaliona kubwa. Wasema: Anapokuja karani wa takwimu akabisha hodi, akauliza mmekula nini siku hizi chache zilizopita, mmenunua kwa bei gani, mna deni la nani, na je, kuna siku mlilala bila ya kula, yatupasa kumwambia kweli yote? Na mtu aliyelala na njaa akajibu kuwa ameshiba, ili aisitiri nyumba yake, ana thawabu ya subira au ana dhambi ya uongo?

Kabla ya kujibu hatuna budi kukiri ya kuwa aliyeuliza hivyo ameuliza kwa hishima. Watu wa pwani hii wamelelewa juu ya sitara. Mama asiye na kitu huwasha moto wake jioni ili jirani aone moshi. Mzee aliyeachishwa kazi bandarini hutoka alfajiri na kanzu yake safi kama atokavyo mwenye kazi, na hapana ajuaye arudi na nini. Haya si kiburi. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 273, amewataja kwa wema mafakiri wa namna hii, wanaojizuia wasiwasumbue watu kwa kuombaomba, hata mtu asiyewajua akawadhani kuwa wana mali. Basi sitara ina asili katika dini, na asiyeijua asiicheke.

Lakini na tuitazame aya hiyo vizuri. Anayewadhani mafakiri hawa kuwa matajiri ameitwa kwa jina gani? Ameitwa mjinga. Sifa ni ya fakiri aliyejizuia. Ujinga ni wa yule aliyemtazama nguo akaridhika. Na papo hapo tumeelezwa kwamba watu hao hujulikana kwa alama zao, yaani wako wenye macho ya kuwajua. Kwa hiyo aya yenyewe imeweka mizigo miwili: fakiri asing'ang'anie watu, na jamii isikae katika ujinga wa hali yake. Sisi kwa muda mrefu tumeushika mzigo wa kwanza na kuuacha wa pili chini.

Sasa karani ni nani? Si jirani anayechungulia sufuria, wala si tajiri anayeombwa. Hana mchele wa kutoa. Yeye ni mwenye kukusanya ushahidi, na anayeulizwa amekuwa shahidi. Kujizuia kuomba ni jambo moja, na kutoa habari isiyo kweli ni jambo jingine. La kwanza ni haki ya mtu nafsi yake, akipenda aiache, akipenda aitumie. La pili lina haki za watu wengine ndani yake, na katika sura hiyohiyo ya Baqara, aya ya 283, moyo wa mwenye kuficha ushahidi umetajwa kuwa ni moyo wenye dhambi.

Huenda msomaji akasema: Haki ya nani nimeidhulumu, nami nimesema habari za nyumba yangu tu? Hapa ndipo wengi hawajui namna kazi hii inavyofanywa. Sensa huhesabu watu wote, kama ilivyokuwa Agosti 2019. Lakini uchunguzi wa matumizi, ambao ndio hupima nani ana dhiki na nani hana, haufiki kila mlango. Katika ule wa mwaka 2015/16 Shirika la Takwimu la Taifa lilichagua kiasi cha nyumba 24,000 katika Kenya nzima, na makarani wakazizunguka kwa miezi kumi na miwili. Maana yake ni kuwa kila nyumba iliyochaguliwa ilisimama badala ya nyumba mia kadhaa zisizoulizwa. Ukisema umeshiba ilhali una njaa, hukujisitiri wewe peke yako. Umewashibisha katika karatasi mamia ya watu ambao hawakula, nao hawakukupa ruhusa hiyo.

(Wenye kazi hiyo huiita nyumba "kaya". Kwetu Mombasa kaya ni ile misitu mitukufu ya ndugu zetu Wamijikenda, kwa hiyo sisi tutasema nyumba, na makusudi yetu ni watu wanaokula chungu kimoja.)

Na karatasi hizo si za kufungia mahamri. Sheria ya mfuko wa maendeleo ya majimbo ya uchaguzi ya mwaka 2003 iliagiza robo tatu ya fedha zigawanywe sawasawa kwa kila jimbo, na robo moja kwa kadiri ya umaskini wake. Ilipokuja serikali ya kaunti, mizani ya kwanza ya kugawa fedha, ile ya mwaka 2012, ilimpa umaskini sehemu 20 katika mia. Katika mwaka 2020 Baraza la Seneti lilishindana kwa wiki nyingi, vikao vikivunjika kimoja baada ya kimoja, hata Septemba ndipo wakapatana juu ya mizani nyingine iliyomweka umaskini kwenye 14 katika mia. Watu wazima waligombana juu ya nini? Juu ya majibu yaliyotolewa vibarazani na akina mama kama wa kwetu. Tone la wino la karani hugeuka dawa katika zahanati, au hukosekana.

Kwa hiyo jawabu letu kwa waulizaji ni hili: aliyefikiwa na karani mwenye idhini na aseme kweli, asipunguze wala asizidishe. Twasema asizidishe kwa sababu wako pia wanaodhani kwamba kila anayeshika kalamu amekuja na msaada, wakaficha friji chumbani na kuwavua watoto viatu. Huyo naye ni shahidi wa uongo, na anayemnyang'anya ni yule maskini wa kweli wa mtaa wa pili.

Tunajua kuna hofu. Watu wa ng'ambo zote tatu, Likoni, Kisauni na Changamwe, wameona makaratasi mengi ya serikali, na si yote yaliyowaletea kheri. Wameulizwa vitambulisho, wameulizwa asili za babu zao, wamesomewa hati za ardhi wasizozijua. Mtu wa namna hiyo akiulizwa mapato yake, moyo wake humwambia kuwa kesho atatozwa. Hatumlaumu. Sheria ya takwimu ya mwaka 2006 yakataza habari za mtu mmoja mmoja kutolewa nje, na pia yamtia hatiani anayekataa kujibu bila ya sababu. Lakini imani haiingii nyumbani kwa amri. Karani anayejua kuamkia, aliye mwanamke anapowauliza wanawake, anayetoka mtaa usio mbali, na ambaye wakubwa wake hurudi baadaye kuwaonyesha watu kile kilichopatikana kutokana na majibu yao, huyo ataambiwa kweli. Anayekuja mara moja katika miaka kumi, akachukua na asirudi, ataambiwa la kumwondosha mlangoni.

Basi hayo ni ya wanaoulizwa. Maneno yetu mengi zaidi ni kwa wanaouliza, kwani mzigo ule wa pili ni wao.

La kwanza ni wastani. Uchunguzi wa 2015/16 ulitoa kwamba walio chini ya mstari wa umaskini katika Kenya ni 36.1 katika mia. Kwale walikuwa 47.4, Kilifi 46.4, Nairobi 16.7, na Mombasa 27.1. Mtu akisoma hivyo huona Mombasa ina nafuu, na kweli ina nafuu kuliko jirani zake. Lakini Mombasa ipi? Sensa ya 2019 iliandika watu 1,208,333 katika kaunti hii: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415, Mvita 154,171, Changamwe 131,882. Nambari moja ya 27.1 imewafunika wote hawa kwa shuka moja, yule mwenye jumba linalotazama bahari Nyali na yule wa chumba cha mabati nyuma ya Bombolulu, na baina yao ni mwendo wa miguu. Wastani ni kama maji ya feri: juu ni shwari, na chini mkondo wavuta. Itolewe hesabu ya kila wadi, na itolewe mara kwa mara. Jambo hili si muhali, kwani mwaka 2013 Shirika la Takwimu pamoja na Jumuiya ya Maendeleo ya Kimataifa walitoa kitabu cha tofauti baina ya Wakenya hata ngazi ya wadi, kwa kuifunga sensa ya 2009 na uchunguzi wa 2005/06 pamoja. Lakini kitabu kilichojengwa juu ya majibu ya 2005 hakimwambii mtu wa leo hali yake ya leo.

La pili ni kujua umaskini ni nini. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi walilichambua jambo hili kwa uangalifu ambao wengi wa wasomi wa siku hizi wangeustaajabia. Walisema fakiri ni yule asiye na mali wala chumo linalofika mahali pa haja yake, na maskini ni yule aliye nacho kitu lakini hakimtoshi. Kama mwenye haja ya kumi akawa na mbili au tatu, huyo ni fakiri, na akiwa na saba au nane, huyo ni maskini. Na dalili mojawapo waliyoishika ni kisa cha Khidhri katika Suratul Kahf: wale mabaharia walioharibiwa jahazi yao kwa ajili ya kuokolewa na mfalme mnyang'anyi wameitwa masikini, nao walikuwa na chombo baharini! Kumbe mtu aweza kumiliki kitu kikubwa chenye kuonekana na bado akawa hana cha kumtosha. Wakasema vilevile kuwa nyumba ya kukaa na nguo za kujipambia haziondoi jina la ufakiri.

Tuilete elimu hii Likoni. Katika bara la Mombasa kuna watu maelfu walio na kile kiitwacho nyumba bila ardhi: kuta ni zake, paa ni lake, na mchanga ulio chini ni wa mwingine, ambaye pengine hajawahi kumwona, na kila mwezi hulipa kodi ya kiwanja. Dodoso lauliza: nyumba ni yako au ya kupanga? Hujibu, ni yangu. Naye kasema kweli. Kisha huandikwa katika safu ya wenye nyumba, pamoja na yule mwenye hati na kuta na mchanga. Ekari 930 za Likoni zilizojulikana kwa jina la shamba la Waitiki ziliwafundisha watu tofauti ya safu hizo mbili kwa miaka mingi ya mashaka, mpaka hati zilipoanza kutolewa Januari 2016. Swali moja tu likiongezwa, "na ardhi je, ni ya nani?", picha ya Mombasa ingegeuka.

Na yako maji. Mwenye bomba la kweli hulipa kidogo kwa mwezi. Asiye na bomba hununua mtungi mmoja mmoja kwa mwenye mkokoteni, na kipindi cha ukame bei hupanda kadiri apendavyo muuzaji. Huyu wa pili matumizi yake katika daftari ni makubwa zaidi. Mpimaji asiyetazama bei pamoja na kiasi atamwona ametumia fedha nyingi, amhesabu kuwa mwenye nafuu, na kumbe amepigwa na dhiki mara mbili. Wala hakuna safu ya kuandika saa anazopoteza kibarua wa Likoni akingoja feri akaikosa kazi ya siku.

La tatu ni mstari wenyewe. Katika 2015/16 mstari wa mjini ulikuwa shilingi 5,995 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja, na wa shamba 3,252. Mtoto hahesabiwi mtu kamili: aliye chini ya miaka mitano ni 0.24, wa miaka mitano hadi kumi na minne ni 0.65. Basi nyumba ya baba, mama, mtoto wa miaka mitatu, wa minane na wa kumi na miwili ni watu 3.54, na mstari wao ni shilingi 21,222 na kidogo. Wakitumia 21,100 ni maskini; wakitumia 21,300 si maskini. Twaifahamu haja ya kuweka mpaka mahali, kwani hata nisabu ya zaka ina mpaka. Lakini twamuuliza mama yeyote aliyenunua maziwa na kumpeleka mtoto mchanga hospitali: huyu ni chini ya robo ya mtu?

Sayyidna Umar aliwahi kuutafuta mstari kama huu. Imepokewa ya kuwa aliamuru kipimo kimoja cha unga kikandwe na kuokwa, akawaalika watu thelathini wakala mchana wakashiba, akafanya mfano wa hivyo jioni, kisha ndipo akakadiria posho ya mtu kwa mwezi. Hakukaa barazani na kudhani, aliwalisha, akatazama. Na alipoweka daftari la Diwani na kuagiza watoto wapewe fungu baada ya kuachishwa ziwa, usiku mmoja akamsikia mtoto analia bila ya kunyamaza. Alipouliza, mama yake, asiyemjua, akamwambia amemwachisha mapema kwa sababu Umar hawapi wanaonyonya. Ikatangazwa kuwa fungu ni tangu kuzaliwa. Tazama: kanuni ya hesabu ilimwondoa mtoto kwenye ziwa, na mwenye kanuni akaibadili kwa sababu alitoka usiku akasikiliza.

Mfano wa kinyume chake tunao hapahapa bandarini. Wafanyakazi wa Mombasa waligoma mwaka 1939, na Januari 1947 mji mzima ukasimama. Kila baada ya fujo ziliundwa kamati kupima maisha yao. Hata ilipotoka ripoti ya kamati ya Carpenter mwaka 1954 ndipo ikasemwa wazi kwamba kima cha chini cha mshahara kilikuwa kimehesabiwa kwa mahitaji ya mwanamume peke yake, asiye na mke wala mtoto, na kwamba kiasi cha nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kazi za watu binafsi hawakupata cha kutosha hata mahitaji ya lazima. Mke na watoto hawakuwa wamesahauliwa kwa bahati mbaya. Walidhaniwa wako shamba, wanajilisha. Dhana hiyo, iliyofichwa ndani ya nambari, ilipunguza chakula cha watu kwa miaka.

La nne ni matajiri. Tofauti haipimwi kwa kumtazama maskini tu. Kipimo mashuhuri kilichobuniwa na Mtaliana Corrado Gini mwaka 1912, ambacho sufuri yake ni usawa kamili na moja ni mtu mmoja kuchukua vyote, hakiwezi kusema kweli ikiwa walio juu hawamo ndani yake. Na hawamo, au wamo nusu. Karani Kisauni hukaribishwa mkekani. Katika majumba makubwa huzuiwa na bawabu getini. Tena dodoso la matumizi huuliza mtu amekula nini, haliulizi ana viwanja vingapi. Ripoti ya mwaka 2004 ya Jumuiya tuliyoitaja ilisema kuwa sehemu ya kumi ya juu ya nyumba za Kenya ilishika 42 katika mia ya mapato yote, na sehemu ya kumi ya chini haikupata hata moja katika mia. Sisi twaona kuwa hata hiyo yaelekea ni kweli iliyopunguzwa. Tajiri Mwislamu anayemfungia karani geti na apime nafsi yake pia kwa zaka: aliyezoea kutohesabiwa huzoea kutojihesabu.

Limebaki swali dogo lililoandikwa chini ya barua, kwa mwandiko mwingine, nasi twadhani ni wa mwanamke. Auliza: Mume wangu ana kazi nzuri, lakini atoacho nyumbani hakitoshi. Karani akiniuliza nikasema hivyo, je, nimemsengenya?

Hukumsengenya. Hindi binti Utba alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshitakia kuwa Abu Sufyan ni mtu bahili, hampi yeye na watoto cha kuwatosha. Naye hakumkemea kwa kumtaja mumewe, bali alimruhusu achukue katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Wanavyuoni wameichukua hadithi hiyo kuwa dalili ya kujuzu kutaja aibu ya mtu mbele ya anayehitaji kujua ili haki ipatikane. Na ndani yake mna jambo ambalo wenye takwimu hawajalifikia bado. Abu Sufyan alikuwa miongoni mwa matajiri wa Kikureshi. Karani wa leo angeingia nyumbani mwake, akajumlisha mali yote, akaigawa kwa vichwa, akaandika kwamba Hindi na watoto wake wana utajiri. Hiyo ndiyo desturi: nyumba huhesabiwa kama mtu mmoja mwenye tumbo moja, na aulizwaye mara nyingi ni mkuu wa nyumba. Basi, bibi, ukiulizwa wewe, sema ulichopewa, na mume wako aulizwe alichotoa, na viandikwe vyote viwili.